Uzio wa Maharage

Kufuli lilikuwa jipya, linang'aa kama kijiko cha askofu. Lilining'inia nje ya mlango wa chumba cha mama mkwe wangu, na ndani ya chumba hicho mama mkwe alikuwa anabisha hodi. Hakupiga kelele wala kulia. Alibisha kwa adabu, kama mgeni aliyefika kwa watu. "Hodi hapo. Hodi, jamani, wenye nyumba." Ananyamaza kidogo kungoja akaribishwe, kisha anaanza tena.

Nilikuwa natoka mtoni, ndoo kichwani, mtoto mgongoni. Niliitua ndoo. Kaka mkubwa wa mume wangu alikuwa ameketi kibarazani ananoa nyengo, mundu wetu wa kufyekea. Nikamuuliza nani amefunga.

"Sengu imeamua," alisema bila kuinua macho.

Sengu ni chakula cha pamoja cha wanaume wa ukoo. Hapo ndipo wanapokula ugali, na hapo ndipo wanapoamua mambo. Juzi yake walikula kuku niliyempika mimi, na kwa midomo iliyojaa kuku wangu wakaamua kwamba mama yao afungiwe mchana watu wakiwa shambani, kwa kuwa alikwisha kupotea mara tatu na mara ya tatu aliokotwa chini bondeni amekaa juu ya jiwe anasubiri mtumbwi.

"Ufunguo uko wapi?"

"Ninao. Tukitoka shamba tunamfungulia. Ni kwa usalama wake."

"Na mbuzi mnamfunga kwa usalama wake?"

"Shemeji, punguza mdomo."

Nilikuwa nimeupunguza kwa miaka minne. Nilisoma kwa masista hadi darasa la kumi, na tangu niolewe huku Matiri kila ninachofanya kinaitwa mambo ya shule. Nikichemsha maji ya mtoto, mambo ya shule. Nikimwambia mtu asiteme mate jikoni, mambo ya shule. Mume wangu ni karani katika ghala la kahawa kule Mbinga, huja Jumamosi kwa baiskeli na kuondoka Jumapili baada ya misa, na anapokuwapo huniambia nivumilie. Nilivumilia. Lakini ile "hodi, jamani, wenye nyumba", kutoka kwa mwanamke aliyewazaa wenye nyumba wote, ilinishinda.

Nilichukua shoka la kuni. Kufuli lenyewe sikuligusa, lilikuwa gumu. Nilipiga mbao iliyolishika. Pigo la tatu liling'oa mbao na misumari yake. Mtoto mgongoni alicheka kwa kila pigo, alidhani ni mchezo wake.

Mama alitoka amejifunga kanga vizuri, akanitazama kwa huruma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimebisha sana. Wenyewe hawapo?"

"Wapo, mama. Ni viziwi."

Shemeji alisimama. Aliitazama mbao, akanitazama mimi na shoka, na nadhani alipima kwanza umbali. Kisha akatoa hukumu yake. "Haya. Utamlinda wewe. Akipotea tena, hata mara moja, kufuli linarudi, na hutatia neno."

"Nimekubali," nilisema, nami sikujua hata kidogo nitafanyaje.

Niieleze nyumba. Aliijenga shemeji mwenyewe, ambaye ni mwashi aliyefundishwa kazi misheni, na mavuno ya kahawa ya ukoo mzima yalimezwa humo. Ina matofali ya kuchoma, bati, ukumbi, milango mitano iliyopakwa rangi moja ya kijani, na sakafu ya saruji nyeusi iliyosuguliwa kwa nta mpaka unaona meno yako. Watu walitoka Mapera kuja kuitazama sakafu hiyo. Kabla yake mama alikaa katika nyumba ya nyasi yenye mlango mmoja na moto katikati. Walipohamia kwenye bati, ile ya nyasi ilibomolewa, pakawekwa meza za kuanikia kahawa.

Sitadanganya, usahaulifu wake ulianza katika nyumba ya nyasi. Lakini kule alisahau majina ya wajukuu, hakusahau choo kilipo. Kwenye nyumba mpya alipoteza vyote kwa mkupuo, na ukoo ukasema ni uzee, na wengine wakasema ni wachawi. Hakuna aliyeitazama nyumba.

Mimi niliitazama. Sista aliyetufundisha kuuguza alikuwa na mazoea ya kutupiga vidoleni kwa rula tukikimbilia dawa kabla ya kumtazama mgonjwa. Basi nilichukua daftari, nikamfuata mama kwa siku tatu, nikaandika kila anachofanya.

Cha kwanza nilichoandika: mama akifika ukumbini huinua kanga yake hadi magotini, hunyoosha mguu mmoja taratibu, huvuka hadi upande wa pili, kisha hushusha kanga na kuikung'uta. Ilinichukua asubuhi nzima kuelewa. Mama si wa milimani kwa kuzaliwa. Ni wa ziwani, upande wa Lituhi, aliletwa huku akiwa mwari. Sakafu ya shemeji, nyeusi na inayometa, kwake ilikuwa maji. Alikuwa anavuka. Na ndiyo maana saa nyingine alikataa kabisa kutoka chumbani kwenda kula, tukasema amenuna.

Cha pili ni kabati la ukumbini lenye kioo.

"Yule bibi amekaa hapo tangu asubuhi," aliniambia kwa sauti ya chini. "Hamjampa hata maji."

"Yupi, mama?"

"Huyo. Namsalimu, anachezesha mdomo tu, sauti hatoi. Watu wa milimani hawana adabu. Mpe uji anywe, aende kwao."

Nilileta uji. Kesho yake nilimkuta amekasirika kwelikweli. "Sasa amevaa na kanga yangu." Nilitundika shuka juu ya kioo. Mama alikuja, akachungulia huku na huku.

"Ameondoka?"

"Ameondoka, mama. Ameshukuru kwa uji."

"Hata kuaga," alisema, lakini alikuwa ameridhika, na mchana huo alikula sahani mbili.

Cha tatu ni milango. Mitano, kijani, sawasawa. Akitafuta njia ya chooni alifungua stoo akakuta mahindi, akafungua chumba chetu akakuta kitanda kisicho chake, akafungua cha shemeji akatukanwa na mkewe, na mwishowe haja ikamshinda pale pale. Wakasema amekuwa mchafu. Mwanamke aliyekuwa akifagia uwanja hadi nyumba ya jirani.

Basi nilianza kazi. Mikeka yote iliyokuwa imeviringishwa darini niliitandaza ukumbini.

"Sasa watu wataionaje sakafu?" shemeji aliuliza, na alikuwa na uchungu wa kweli.

"Wainame wafunue."

Mlango wa mama niliung'oa kwenye bawaba, maana shoka nilikwisha kulizoea. Mahali pake nilitaka mkeka wa matete kama ule wanaotundika milangoni kwao ziwani. Kila wiki wanawake wa ziwani hupanda kwetu na vikapu vya usipa mkavu, dagaa wa ziwani, hulala njiani, kisha huendelea hadi sokoni Mbinga. Niliwaagiza. Walipouleta tukautundika, mama aliusogelea, akaupapasa ukingo kwa kidole, akasema nao maneno ya Kinyasa ambayo mimi siyajui. Kisha akaingia ndani na kulala usingizi wa mtu aliyefika kwake. Tangu siku hiyo hakuingia tena chumba cha mtu.

Mafiga matatu niliyahamisha kutoka jiko la nyuma, nikayaweka chini ya upenu, mahali ambapo mtu aliyeketi kitandani kwa mama anauona moto. Moshi ukapanda kwenye chokaa nyeupe ya shemeji. Choo nilikitoa mlango, nikaacha ukuta wa nyasi kwa ajili ya heshima, nikapaka ndani udongo mweupe ili shimo lionekane tangu mbali, na kutoka kwenye moto hadi huko nikapanga mawe meupe. Siku ya nne alikwenda mwenyewe na akarudi mwenyewe. Nilikaa jikoni nikalia, nikasingizia moshi.

Likabaki la kupotea.

Shemeji alileta dawa yake, uzio wa miti. Alisimika upande mmoja kwa ufundi mzuri. Mama alikwenda akaishika ile miti kwa mikono miwili, akaitikisa, akaniuliza, "Nimeshtakiwa kosa gani?" Nikamwambia shemeji aing'oe. Aliing'oa bila kubishana, nami nikaona kwamba swali lile alilisikia.

Jawabu nililipata shambani. Wageni wanaopita kwetu hushangaa wakiona vilima vyetu vimetobolewa mashimo kama sega la nyuki. Hiyo ni ngolo. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, sisi wanawake tunachimba udongo katikati na kuufunika juu ya nyasi, kwa hiyo kila shimo linazungukwa na tuta, na juu ya tuta tunapanda maharage. Nilimchukua mama siku ya kupalilia kwa sababu sikuwa na wa kumwachia. Nikaona kitu. Alitembea kutwa, pembezoni mwa shamba zima, bila kutulia, na hakukanyaga tuta hata moja. Akifika kwenye tuta lililoota, anasimama, anageuka, anafuata ukingo wake. Jina langu alikwisha kulisahau. Ila mwanamke wa shamba hakanyagi mbegu iliyoota, na hilo lilikuwa limekaa miguuni mwake, halikukaa kichwani.

Nilirudi nikamwambia shemeji nataka tuta moja, refu, lizunguke uwanja wote, choo kikiwa ndani, jiko ndani, na lisiwe na mahali lilipokatika.

"Ngolo hailimwi uwanjani. Ngolo ni ya mteremko."

"Sitaki shimo. Nataka tuta."

"Watatucheka."

"Walikuja kucheka sakafu mkasema wanaisifu."

Akafyeka nyasi. Siwezi kumnyima haki yake, alizilaza vizuri, kwa mviringo, akipima kwa kamba ya uashi. Nami nikapika pombe nikaita ngokela, yaani majirani waje kulima kwa pamoja kisha wanywe. Wanawake walicheka kabla hata hawajashika jembe. "Mnamlimia nani, kuku?" Tukaanza. Mimi nilikuwa nachimba na mtoto mgongoni pale nilipopigwa kofi la mkononi.

"Nani alikufundisha kushika jembe hivyo? Masista?"

Alikuwa mama. Alininyang'anya jembe. Mwanamke aliyekuwa anabisha hodi kwake mwenyewe aliinama, akakata udongo, akauweka juu ya nyasi kwa pigo moja la nyuma ya jembe, akasonga, akakata, akaweka, na wale waliokuwa wanacheka wakajikuta wanamfuata nyuma kwa mstari. Alitufokea wote. Mmoja alifunika nyasi kwa udongo mchache, akaambiwa arudie. Mwingine, mke wa katekista, aliambiwa ana mgongo wa uvivu. Hatukuwahi kucheka hivyo tangu mavuno. Jioni tuta lilikuwa limefunga mviringo wake, na mama akauliza ni shamba la nani hili, zuri hivi.

Maharage yaliota. Mama akitoka asubuhi aliona moto, akapasha mikono, akaanza safari yake kando ya tuta. Anang'oa gugu, anasogeza udongo, anageuka panapogeuka tuta, na kabla hajachoka anaona moto tena mbele yake, anafurahi kama amefika mbali. "Nimetembea leo," ananiambia. "Lakini nimefika salama." Mtoto wangu alijifunza kutembea kwa kushika pindo la kanga yake. Walizunguka wote wawili, mmoja anasahau alipotoka na mwingine hajui anakokwenda, na kila walipofika kwangu walipewa kipande cha kiazi.

Hata shemeji. Kwa kuwa sasa moto ulikuwa mahali unapoonekana, alianza kukaa hapo na mama yake. Mama alimdhania kaka yake mwenyewe, mvuvi wa ziwani, na kumgombeza kwa nini nyavu hazijashonwa. Siku ya kwanza alibisha. Siku ya pili nilimkuta, mwashi mzima, amepata kamba ya mgomba na anafunga mafundo huku anasahihishwa. Kufuli hata hivyo aliendelea kulitembeza mfukoni. Nililisikia likigonga ufunguo wake alipoketi.

Maharage yalipotoa maua, jumbe wetu, mkuu wa kijiji, alitangaza kwamba Bwana Shauri, afisa wa serikali ya wilaya, atapita. Kila uwanja ufagiliwe na mmea wowote usionekane karibu na nyumba, maana mimea inaficha panya na nyoka. Nilikwenda kwake. Nilipiga goti, nikaamkia, nikaeleza tangu mwanzo: sakafu, kioo, miguu ya mama.

"Maharage ni maharage," alisema.

"Haya ni uzio, Bwana Jumbe."

"Uzio unajengwa kwa miti. Muulize shemeji yako, ni fundi." Na waliokaa naye wakacheka.

Alingoja siku niliyompeleka mtoto kupimwa misheni, na shemeji yuko kwenye ujenzi. Mama nilikuwa nimemwacha na mke wa shemeji, naye huyo alipowaona watu wa jumbe na majembe alikimbia kumwita mumewe. Niliporudi, upande wote wa mbele wa tuta ulikuwa umesawazishwa na kufagiliwa, mistari ya ufagio imenyooka kama uwanja wa kanisa. Na juu ya mistari hiyo kulikuwa na nyayo za mama, zimetoka moja kwa moja kuelekea njia ya ziwani.

Nilikimbia. Shemeji alitokea upande wa pili, mikono ina saruji, tukakimbia wote wawili. Tulimkuta kwenye kivuko cha kijito. Wanawake wa usipa walikuwa wametua vikapu wanapumzika, na katikati yao ameketi mama, kikapu cha mtu kiko mapajani mwake, anachambua samaki wazima na waliovunjika, na anaongea Kinyasa kwa kasi ambayo sijawahi kumsikia nayo. Wale wanawake walikuwa wanajifuta machozi kwa kucheka.

"Huyu mama ni wenu?" mmoja aliniuliza. "Amesema tumekausha vibaya. Ametupa kazi upya."

"Anasema ukweli?"

"Anasema ukweli, ndiyo tabu yake."

Mama alimwona shemeji. "Umechelewa," alimwambia. "Chukua kikapu."

Alikichukua. Tulipanda kilima, yeye amejitwika usipa wa watu, wenyewe wakifuata nyuma, mama anatangulia akijua kila jiwe. Nilidhani yamekwisha. Lakini uwanjani shemeji alisimama mbele ya ile mistari ya ufagio, akaingiza mkono mfukoni, akalitoa kufuli.

"Tulikubaliana, shemeji. Akipotea mara moja."

"Hajapotea. Amefunguliwa uzio na jumbe. Ukibomolewa ukuta mbuzi akatoka, unamchapa mbuzi?"

"Hayo ni maneno ya shule."

"Ni ya shule. Na ya shule huandikwa."

Alilipindua kufuli mkononi muda mrefu. Mama alikuwa amefika kwenye moto na anaita, nyavu, nyavu ziko wapi. "Andika basi," alisema. "Nangoja kuona."

Niliandika siku hiyo hiyo, daftari likiwa juu ya kabati lenye shuka. Asubuhi nilipofunga mtoto mgongoni niende Mbinga, shemeji alinifuata hadi njiani. Aliisoma barua yote akiwa amesimama, akaomba kalamu, kisha akanipa kitu kizito kilichofungwa kwenye kitambaa. Nikaketi kando ya njia, nikaiongezea barua mistari ya mwisho.

Karani wa baraza alinitazama toka viatu hadi kilemba. "Mwanamke, unamshtaki jumbe kwa maharage?"

"Gonga muhuri kwanza, baba. Kisha usome."

Akagonga. Hii ndiyo barua niliyoiweka:

*Kwa Baraza. Mimi ni mke wa karani wa ghala la kahawa, nakaa Matiri. Namshtaki jumbe wa kwetu kwa kubomoa uzio wa mgonjwa. Uzio huo ulikuwa tuta la maharage, limefungwa kwa nyasi chini kama desturi, na lilimzunguka mama mkwe wangu ambaye amepotewa na kumbukumbu. Jumbe alielezwa na mimi kwa mdomo kwamba mama huyu hawezi kuvuka mmea ulioota, na akacheka. Watu wake walikuja wakijua sipo. Mama alitoka siku hiyo hiyo na angeweza kufa. Bwana Shauri aliyefagiliwa uwanja hapiti tena. Tumesikia tope limemrudisha akiwa njiani.*

*Sidai maharage. Nadai tuta. Naomba jumbe aamriwe kuwarudisha watu wale wale na majembe yale yale walijenge upya, nyasi chini na udongo juu, na wapande kitu kinachoota wakati huu wa baridi. Kazi hiyo isimamiwe na mama mkwe wangu, na isihesabiwe imekwisha mpaka yeye aseme imekwisha. Nawaonya mapema kwamba ni mkali.*

*Pamoja na barua hii naweka mezani kufuli moja na ufunguo wake. Kufuli hili lilinunuliwa ili mama afungiwe. Mwenye kufuli ni mwashi aliyeijenga nyumba, mtoto wa kwanza wa mama huyo, naye amelitoa kwa hiari yake. Naomba likae hapa barazani, lisirudi kwetu, shauri likikatwa au lisipokatwa.*

*Mashahidi ni wawili. Mwashi ametia saini. Mama mkwe ametia kidole gumba, na ameuliza kama wino huu unatoka kwa maji ya ziwa.*